Netiketi: neno lililoanza kwenye karatasi ya gunia

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Masereka, Butembo na Beni, na nyinyi ndugu mliohama ambao mnatusoma kwa telefoni ya kuazima, leo tunazungumza juu ya neno moja tu. Waingereza wanaliandika netiquette. Wafaransa wameliwekea alama juu ya e ya kwanza, nétiquette, wakalifanya lao. Sisi tunaweza kulitamka netiketi. Maana yake ni adabu ya mtu anapoongea na wenzake kwa njia ya mtandao: nini cha kutuma, nini cha kuacha, na namna gani.

Ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni jambo la watu wa mbali wenye kompyuta. Lakini nusu ya neno hilo unaijua tangu utotoni. Nenda sokoni Butembo, fasi wanapouza nguo, ugeuze shingo ya shati. Kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, chenye namba na jina la nchi shati lilikotoka, tunakiita etiketi. Ni neno lilelile. Wasemaji wa Kiingereza walichukua net, yaani wavu, ambao sisi kwa Kiswahili tunauita mtandao, wakaushona na etiketi. Swali ni hili: kitambaa cha shati kiligeukaje kuwa adabu?

Tuanze nyuma kabisa. Katika Kifaransa cha kale kulikuwa na neno estiquer, kuchomeka au kushikiza kitu. Kutoka hapo ikazaliwa étiquette. Kwanza ilikuwa ni kijiti kilichochomekwa ardhini, shabaha ya mchezo. Kisha ikawa karatasi inayoshikizwa juu ya kitu ili kitambulike. Na kitu chenyewe kilichofanya neno hilo lienee kilikuwa gunia.

Katika mahakama za Ufaransa za zamani, karatasi za kesi hazikuwekwa ndani ya faili kama leo. Zilitiwa ndani ya gunia, gunia likafungwa na kutundikwa. Nje yake ilishikizwa étiquette: nani anamshitaki nani, na kesi ni ya nini. Mkulima wa Masereka haelezwi jambo hili mara mbili. Magunia ya viazi yakipanda kamyo kwenda Butembo, kila mwenyewe anaweka alama yake au jina lake juu ya gunia, maana bila hiyo, kule depo kila gunia ni la kila mtu. Gunia lenye alama lina mwenyewe, na viazi vikikutwa vimeoza katikati, kuna mtu wa kuulizwa.

Wafaransa hao walikuwa na msemo pia. Hakimu mvivu, asiyefungua karatasi za ndani, walisema anahukumu kwa etiketi ya gunia. Ninaupenda msemo huo kuliko sehemu nyingine yote ya historia hii. Kabla ya telefoni, kabla ya umeme, walishamwona mtu anayesoma kichwa cha habari tu kisha anatoa hukumu.

Safari ya kutoka gunia hadi adabu ilipitia nyumba za wafalme. Watawala wa Burgundia walikuwa na sherehe kali sana kwenye ikulu yao: nani aingie kwanza, nani asimame, nani apewe kiti. Mwaka 1548 mfalme Charles wa Tano akaipeleka desturi hiyo Hispania, kwenye nyumba ya mwanawe Philip. Wahispania wakaiita etiqueta, kwa kuwa mambo hayo yaliandikwa kama orodha, na Wafaransa nao wakaanza kulitumia neno lao la zamani kwa maana hiyo mpya. Kuna hadithi tamu kwamba lilianzia bustani ya Versailles, ambako mtunza bustani alichomeka vibao vya kukataza wakubwa wasikanyage majani. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini neno lilikuwa limeshazeeka kabla bustani ile haijapandwa.

Waingereza, wao, walilichukua neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza, katika miaka ya 1500, walilikata kichwa wakabaki na ticket. Ndiyo hiyo iliyovuka bahari hadi pwani ikawa tiketi yetu ya Kiswahili. Mara ya pili, karibu na mwaka 1750, walilichukua zima, etiquette, kwa maana ya adabu za watu wakubwa. Kwa hiyo tiketi ya gari, etiketi ya shati na hii netiketi ni watoto wa tumbo moja. Tiketi inasema umelipa na unaenda wapi. Etiketi inasema umetoka wapi.

Sasa turuke hadi Marekani. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walitunga njia ya kuunganisha kompyuta za vyuo kwa laini ya simu, ili mtu aandike ujumbe hapa na wengine wausome kule. Waliiita Usenet, na mwaka 1980 ikaanza kufanya kazi. Ilikuwa kama grupu kubwa iliyogawanyika kwa mada. Haikupita miaka mingi, matatizo yakaonekana, na ni yaleyale ya grupu zetu: mtu anajibu kwa hasira kabla hajasoma hadi mwisho, mtu anatuma kitu kimoja kwenye mada kumi, mwingine anaandika kwa herufi kubwa tupu, wenzake wanaona anapiga kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa huko wakaanza kusema netiquette. Nusu ilikuwa mzaha, kwa kuwa neno etiquette lilinuka vitabu vya mabibi wakubwa vya namna ya kushika uma mezani. Mzaha ukabaki, ukawa neno la kweli.

Sheria hazikuandikwa na serikali. Ziliandikwa na watumiaji wenyewe. Kila mwezi wa 9, vyuo vilipofungua, wanafunzi wapya waliingia bila adabu, na wakongwe waliwafundisha pole pole mpaka mwezi wa 10 au wa 11. Kuanzia 1993 makampuni yakaanza kuwafungulia mlango watu wote. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji, wala hawakukoma kuingia. Wakongwe walisema huo ndio mwezi wa 9 usiokwisha. Mwaka 1994 Virginia Shea alitoa kitabu chenye jina hilohilo, Netiquette, na jambo la kwanza alilosisitiza ni kukumbuka kwamba upande wa pili kuna binadamu. Mwezi wa 10 mwaka 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel akakusanya adabu hizo katika waraka unaoitwa RFC 1855.

Nimeusoma waraka huo, na baadhi ya maneno yake ni kama yameandikwa kwa ajili ya Butembo. Ukiwa na hasira, subiri usiku upite kabla hujajibu. Ukipitisha ujumbe wa mtu, usibadili maneno yake, na kama alikutumia wewe peke yako, mwombe ruhusa kwanza. Barua za mnyororo, zile zinazosema tuma kwa watu kumi, usizitume kamwe. Wakati huo, 1995, ndio kwanza tulikuwa tunamaliza siku za Zaire, na watu wengi hapa hawakuwa na laini ya simu, seuze kompyuta.

Lakini tusiseme kwamba hatukuwa na netiketi. Tulikuwa na phonie. Wazee wanaikumbuka: kile chombo cha redio cha kuita na kujibu kilichokaa kwenye misheni, kwenye hospitali, kwa wafanyabiashara wakubwa, na betri ya gari chini na waya wa antena juu ya miti. Kwa phonie huwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kuongea, masikio yako yamefungwa. Kwa hiyo adabu yake ilitoka ndani ya chombo chenyewe. Unasikiliza kwanza kama njia ni wazi. Unataja jina la stesheni yako kisha la unayemwita. Unasema kifupi, kwa kuwa betri ni ya wote na foleni ni ndefu. Ukimaliza unasema “à vous” na kuachia. Na kila aliyekuwa kwenye njia hiyo alikusikia, kwa hiyo ulipima maneno. Hata leo kuna vituo vya afya vinavyoitumia fasi ambako mtandao haufiki.

Tulikuwa pia na komunike ya redio, na bado tunayo. Mtu aliyefiwa, aliyepoteza mtoto au kitambulisho, anakuja biro ya redio, anaandika, anaweka jina lake, anaacha namba yake. Mtangazaji anasoma, halafu anataja aliyetoa tangazo. Karatasi inabaki kwenye biro. Kesho mtu akisema habari ile ilikuwa uongo, tunajua mlango wa kugonga. Na kabla ya hayo yote, babu zetu Wanande walikuwa na kyaghanda, ambako wazee wanakaa kuzunguka moto na kila mmoja anaongea zamu yake. Anayeleta neno anaonekana uso.

Ni kweli pia kwamba upande wa pili tulikuwa na radio trottoir, redio ya kando ya barabara, ambayo haina biro wala mtangazaji. Wakati wa Mobutu, ambapo redio ya serikali ilisema sifa tu, radio trottoir ndiyo iliyobeba mengine, ya kweli na ya uongo kwa gunia moja. Sitaidharau, ilikuwa na sababu ya kuwapo. Lakini ilitembea kwa miguu. Kutoka Beni hadi Masereka uvumi ulichukua siku, na njiani ulikutana na watu wa kuuliza.

Telefoni ya mkononi iliipa radio trottoir mabawa.

Mwezi wa 7 mwaka 2018 WhatsApp ilifanya kitu ambacho mahakimu wa zamani wa Ufaransa wangekitambua: ilianza kushikiza etiketi. Mesaji iliyopitishwa ikapata neno dogo juu yake, transféré. Sababu ilitoka India. Mwaka huo watu wasio na hatia waliuawa huko na makundi kwa sababu ya mesaji zilizosema wezi wa watoto wameingia kijijini. Kampuni ikaweka kikomo, kwanza India, na mwezi wa 1 mwaka 2019 dunia nzima: mesaji moja huwezi kuipitisha kwa zaidi ya grupu au watu watano kwa mara moja. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, mesaji zile zenye mishale miwili, ambazo zimeshapita mikono mingi, zikazuiwa zisipite ila kwa mmoja mmoja.

Angalieni tarehe. Etiketi ile imekuja mwezi wa 7 mwaka 2018. Tarehe 1 mwezi wa 8, mwaka uleule, serikali ikatangaza Ebola huko Mangina.

Mliokuwa hapa mnakumbuka. Ugonjwa ulidumu hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua, na 2,287 wakafa. Zoni ya afya ya Masereka ilikuwa moja ya zile zilizopata wagonjwa, ingawa msiba mkubwa ulikuwa Beni, Katwa, Butembo na Mabalako. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 waliipokea. Lakini mwanzoni kabisa, mwezi wa 9 mwaka 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na mmoja katika kila wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo.

Mtu asije akasema tulikuwa wajinga. Beni ilikuwa inazika watu waliochinjwa tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, na magari meupe hayakuja kwa wingi namna ile. Ebola ilipokuja, yalijaa barabarani, na watu wakasema “Ebola business”. Kisha tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2018, CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura na wengine, kwa sababu ya Ebola na usalama. Tarehe 30 nchi ikapiga kura, na vijana wa Beni wakapanga kura yao ya mfano ili kuonyesha kwamba wanaweza kupiga mstari. Siku iliyofuata mtandao ukakatwa nchini kote, kwa wiki karibu tatu. Gunia la mashaka lilikuwa limejaa kabla mtu yeyote hajatuma mesaji.

Lakini mesaji ndizo zilizoshikiza etiketi juu ya gunia hilo, na wengi wakahukumu kwa etiketi. Sauti za watu wasio na majina zilisema kwamba chanjo inaua, kwamba kwenye kituo unaingia mzima unatoka maiti. Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2019 kituo cha kutibu Ebola cha Katwa kikashambuliwa na kuchomwa moto. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo. Tarehe 19 mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na shirika la afya duniani, OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya kliniki ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Siwezi kusema mesaji fulani ndiyo iliyovuta bunduki. Ninasema tu kwamba wauguzi, watoto wetu wenyewe, walianza kuficha nguo zao za kazi ndani ya mfuko.

Na sasa kosa la etiketi ile ya WhatsApp linaonekana wazi. Inakuambia mesaji imepitishwa. Haikuambii imetoka kwa nani, wapi, siku gani. Ni kama depo ya viazi ambayo mlinzi anaandika juu ya kila gunia: “hili limetoka nje”. Asante, lakini ni la nani?

Hapa ndipo jambo hili linawagusa ndugu waliohama. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo, wengine wakafika hadi kwetu. Mama aliyeacha shamba na mbuzi wawili anaishi kwa habari. Je, barabara imefunguliwa? Je, waasi wametoka kijijini? Mesaji ikisema “kumetulia, watu wanarudi”, anaweza kufunga mzigo asubuhi. Ikisema “wamefika karibu”, anaweza kukimbia usiku na mtoto mgongoni, kumbe ni sauti ya mwaka jana, ya kijiji kingine. Picha ya maiti wa mahali pengine inazunguka, na mtu anadhani ameona shati la kaka yake. Kwa watu hao, kutojua tarehe ya mesaji kunaweza kuwa kifo.

Sheria ya nchi ipo. Kodi ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inamtaja anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mtandao na pia anayeipitisha, na wote wawili wanaweza kufungwa. Ni vizuri kuijua, lakini mama mwenye mzigo mgongoni hawezi kungoja mahakama.

Kwa hiyo, kwenye grupu ambazo redio yetu inafuata, tumeanza kuomba kitu kidogo. Unaleta habari ya usalama? Andika juu yake kama ulivyoandika juu ya gunia la viazi: fasi gani, siku gani, saa ngapi, umeona kwa macho au umesikia, na kama umesikia, kwa nani. Kama kumtaja mtu kutamhatarisha, mwambie mwenye grupu peke yake. Sauti isiyo na tarehe hatuisomi hewani, hata kama imetumwa mara hamsini, na hata kama aliyeituma ni rafiki. Wengine wamekasirika, wakasema tunaficha ukweli. Wengine wameanza kuuliza wenyewe ndani ya grupu, kabla yetu: “Etiketi iko wapi?”

Hivyo ndivyo neno hili limeingia kwetu, likiwa limeacha net yake njiani na kurudi kuwa karatasi. Anayetaka kulipa jina la Kinande atuletee pale biro. Tutalisoma hewani, pamoja na jina lake.